Maji ya bomba yamebadilika? Fuata mkondo kutoka jikoni mpaka Uluguru

Hapa Kimara, Dar es Salaam, maji yanatufikia kwa njia tatu: bomba la mtaa, kisima cha jirani tunayemchangia umeme wa pampu, na boza pale mgao unapopitiliza. Mimi ndiye ninayeitwa kila ndoo ikichafuka, sijui nani alinipa cheo hicho. Nilichojifunza ni kwamba rangi peke yake haikuambii ubovu uko wapi. Maji ya kahawia ya alfajiri na maji ya kahawia ya kutwa nzima ni magonjwa mawili, na dawa ya huu haitibu ule.

Kabla ya kumlaumu mtu, jaza chupa tatu

Tafuta chupa tatu za maji zisizo na rangi, uzisuuze vizuri. Ya kwanza ijaze kwenye bomba lililo karibu kabisa na mita, maji kabla hayajaingia tangini. Ya pili ijaze jikoni, kwenye bomba linalotoka tangini. Ya tatu kaombe kwa jirani anayetumia bomba lilelile la mtaa. Zipange juu ya karatasi nyeupe dirishani, usizitikise, uzitazame baada ya saa moja na tena kesho yake.

Kama ya mita ni safi na ya jikoni ni chafu, mwenye kosa ni tangi lako, na huna haja ya kupigia mtu simu. Kama yako ya mita ni chafu na ya jirani ni safi, kuna mahali mpira au bomba linalokuja kwako limepasuka, na mara nyingi ni pale linapovuka mtaro. Zikiwa chafu zote tatu, tatizo liko kwenye bomba kuu au mtoni kwenyewe.

Ujue pia unakunywa maji ya mtambo gani. Ruvu Juu uko Mlandizi, ulijengwa 1959, na baada ya upanuzi una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku. Huo ndio unaotuletea sisi wa Kibamba, Mbezi na Kimara, na kuendelea hadi Tabata na Segerea. Ruvu Chini, wa 1976, una uwezo wa lita milioni 270, na bomba lake linafuata njia ya Bagamoyo kupitia Bunju, Tegeta na Mwenge. Mtambo wa Mtoni ni mdogo, unachota mto Kizinga kwa ajili ya sehemu za Temeke. Lakini Ruvu Juu na Ruvu Chini, pamoja na majina yao, ni mto mmoja, na kwao mto huo ni milima ya Uluguru, Morogoro.

"Yana rangi ya chai ya maziwa, na hapa Dar hata wingu hakuna"

Hii ndiyo dalili inayowachanganya watu wengi. Jua linawaka Ubungo, vumbi linatimka, halafu bomba linatoa tope. Usiangalie mbingu ya Dar. Upande wa mashariki wa Uluguru hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya mvua yetu ya pwani, na mvua ya kule hutufikia siku chache baadaye ikiwa na udongo wake.

Nina mjomba Mgeta, kwenye milima hiyo ya Uluguru, analima kabichi, karoti na njegere. Siku maji yakibadilika namna hiyo huwa nampigia.

"Shikamoo mjomba. Huko mvua vipi?"

"Marahaba. Tangu juzi haijakatika. Imenichukulia tuta zima la karoti, limeingia mtoni."

"Basi limeshafika Kimara, mjomba. Lipo kwenye ndoo."

Akacheka, akaniambia nichemshe kwanza kabla sijamdai chenji ya karoti.

Ndoo ile niliiacha usiku kucha. Asubuhi juu maji yalikuwa yametulia, na chini kulikuwa na utando wa udongo mwekundu laini, unene wa ukucha. Ukiupitisha vidoleni unateleza kama unga wa muhogo uliolowa, hauna chenga. Hicho ni kipimo kizuri. Udongo laini unaochukua saa nyingi kutulia umesafiri kutoka mbali, mlimani au kwenye kingo za mto. Mchanga wenye chenga unaozama palepale umeingia karibu, kwenye bomba lililopasuka mtaani kwenu au kutoka kwenye kisima.

Sasa kwa nini mlima unamomonyoka kiasi hicho? Sababu ni kadhaa na zinapandana.

Mteremko ni mkali na watu ni wengi. Kilele cha Uluguru kinapita mita 2,600, mashamba yanapanda hadi kugusa msitu wa hifadhi, na kuna viunga ambavyo mkulima akisimama wima anaweza kugusa shamba lake kwa mkono bila kuinama. Udongo wa namna hiyo usipozuiwa na matuta, majani au miti, ni wa mto, ni suala la muda tu.

Kisha kuna moto. Kuanzia Septemba hivi watu wanachoma mashamba kujiandaa na vuli. Mvua ya kwanza inakuta ardhi iko uchi, ina majivu, na samadi imerundikwa tayari kwa kupandia. Ndiyo maana maji ya mvua ya kwanza ya vuli huwa mabaya kuliko ya katikati ya masika, hata kama mvua yenyewe ni ndogo. Masika inakuta mimea imeshashika udongo. Ukiweza kuhifadhi maji safi kwa wiki mbili tu kwa mwaka, chagua wiki hizo za mwanzo wa vuli.

Matuta yapo, na yana historia. Wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta makubwa ya ngazi mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakafukua udongo wa chini usio na rutuba, kazi ikawa ya shuruti, na 1955 watu wakakataa kwa vurugu hadi mpango ukafa. Wazee bado wanalikumbuka. Upande wa Mgeta watu wana matuta yao wenyewe, madogo, wanayoyajenga kwa kufukia majani na mabaki ya mazao. Yanashika udongo na kuoza kuwa mbolea. Kwa maoni yangu hayo yana kazi nzuri kuliko yale ya amri, ila yanataka kutengenezwa upya kila msimu, na vijana wenye mikono ya kazi wako huku Kariakoo wanasukuma mikokoteni.

Kuna na jambo la ardhi. Kwa Waluguru ardhi ya ukoo inafuata upande wa mama. Mwanamume anaweza kulima miaka 20 shamba ambalo si la kuwaachia watoto wake, na kupanda mti wa kudumu ni kama kutangaza kwamba shamba ni lako, kitu ambacho ukoo hauwezi kunyamazia. Kwa hiyo anapanda kinachovunwa ndani ya miezi mitatu. Ukimwambia tu "panda miti, unatuchafulia maji", hujamwambia lolote. Ndiyo sababu nilipendezwa na mpango uliowahi kufanyika Kibungo, hukohuko Uluguru, ambako wakulima walilipwa kwa kutunza udongo wao, na shirika lililokuwa likisambaza maji Dar wakati ule, DAWASCO, likawa miongoni mwa waliochangia. Kabichi na tope vinatoka shamba moja, na kabichi peke yake ndiyo tumezoea kuilipia.

Chini ya milima orodha inaendelea haraka: kufyatua matofali kingoni mwa mto, kuchimba mchanga, mifugo mingi kushuka kunywa mahali pamoja mpaka kingo zinabomoka, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaooshea mchanga mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto au chanzo cha maji. Ukipita barabarani unaweza kuona mwenyewe mita hizo zinaanzia wapi na kuishia wapi.

Ufanye nini jikoni? Usitie dawa ya klorini moja kwa moja kwenye maji ya tope. Udongo unakula klorini, na vijidudu vinajificha nyuma ya chembe zake. Kwanza tuliza. Nunua kipande cha shabu sokoni, kishike kwa uzi au kijiko, ukizungushe kwenye ndoo ya lita 20 mara chache tu, halafu koroga taratibu dakika kadhaa na uache. Utaona mabonge yanajikusanya kama maziwa yaliyoganda, kisha yanazama. Mimina maji ya juu kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Hapo ndipo uchemshe au utie dawa. Usizidishe shabu, maji yakikukaza ulimi kama embe bichi, umepitiliza.

"Ya kahawia asubuhi tu, kisha yanatakata"

Hiyo ni kutu, mlima hauhusiki. Maji yamelala usiku ndani ya mabomba ya chuma, na yanapofunguliwa yanatoka nayo. Acha yatiririke kwenye ndoo ya kudekia mpaka yatakate. Yanaacha madoa ya njano kwenye nguo nyeupe, kwa hiyo usifue nayo, na usitie jiki, maana doa litakolea zaidi. Kama inatokea mtaa mzima baada ya mgao wa siku kadhaa, presha iliyorudi kwa nguvu imebandua kutu na masalia yaliyotulia kwenye bomba kuu. Ngoja saa moja au mbili kabla ya kufungulia tangi.

"Meupe kama maziwa"

Jaza glasi, itazame. Ikianza kutakata kuanzia chini kwenda juu, ni hewa iliyobanwa kwenye bomba. Kunywa. Ikitakata kuanzia juu kwenda chini, kuna kitu kinazama, rudi kwenye habari za udongo.

"Baada ya mgao yananuka choo"

Hapa usisubiri kesho. Bomba likiwa na maji yenye presha, pakipasuka maji yanatoka nje. Maji yakikatwa, ufa uleule unavuta ndani kilichopo nje, na Dar kilichopo nje mara nyingi ni maji ya mtaro. Tazama mipira ya maji ya nyumba za uswahilini: imefungwa kwa raba za baiskeli na kupitishwa ndani ya mtaro huohuo ambao vyoo vinafunguliwa mvua ikinyesha. Kuna na wale wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili wapate kabla ya wengine. Hiyo pampu haichagui, inanyonya maji na inanyonya uchafu kwenye kila ufa wa mtaa. Fundi mmoja alinifungia ya namna hiyo bila kuniuliza, akidhani ananisaidia. Niliing'oa wiki hiyohiyo.

Funga valvu ya kuingiza tangini mara moja. Yaliyokwisha ingia yamwage, osha tangi kwa klorini, na mpaka uhakikishe chupa ya mita ni safi, kunywa ya kuchemsha tu. Yakitokota kwa nguvu kwa dakika moja inatosha. Toa taarifa kwa mamlaka ya maji ukiwa na mtaa, namba ya mita na saa uliyoanza kuona, maana "maji yananuka huku kwetu" haimsaidii fundi kupata ufa. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia mitaa ya Kinondoni, na ugonjwa huo hausubiri maji yawe na rangi ya ajabu.

Kama harufu ni ya mayai viza na inatoka kwenye kisima kirefu, hiyo ni gesi ya chini ya ardhi. Acha maji kwenye ndoo wazi, yapige kwa kuyamimina kutoka ndoo hadi ndoo, itapungua. Kama mayai viza yananukia kwenye tangi la maji ya bomba, basi chini ya tangi kuna tope lililooza, na ni muda wa kuingia na brashi.

"Yananuka dawa"

Kwa kawaida hiyo ni habari njema. Klorini yenyewe ndiyo inayoyalinda maji njiani kutoka Mlandizi. Mto ukija mchafu, dozi huongezwa, kwa hiyo harufu hupanda sambamba na mvua za Uluguru. Acha ndoo wazi usiku, itaondoka. Mimi naogopa zaidi bomba ambalo halijanuka dawa miezi miwili.

"Yana harufu ya udongo, na tangi lina ukijani"

Mwani. Unataka vitu viwili, mwanga na mbolea. Mwanga unaupata kwenye tangi la rangi nyepesi au mfuniko uliopasuka. Mbolea inaletwa na mto: urea na DAP zilizowekwa kwenye kabichi na mpunga, ile ambayo mmea haukuwahi kuinyonya, inashuka na maji na kulisha mwani kuanzia mabwawani mpaka kwako. Tangi jeusi, mfuniko unaobana, na wavu kwenye tundu la hewa. Wavu huo unazuia na mbu pia; dengi ya 2014 na ile ya 2019 hapa Dar ilienezwa na mbu wanaopenda maji yaliyotulia majumbani.

"Sabuni haitoi povu, chai ina chumvi"

Umepewa maji ya kisima. Kama ulinunua ya boza, muulize dereva amechota wapi, na akisema "Ruvu" wakati chai ina chumvi, unajua umeongopewa. Visima vya karibu na bahari, kuanzia Msasani mpaka Upanga, vikivutwa kupita kiasi maji ya bahari yanasogea kujaza nafasi. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Kunaikoleza, kwa sababu maji yanapungua na chumvi inabaki. Ya namna hiyo yawe ya chooni na kudekia.

"Hayana rangi, hayana harufu, lakini sina amani nayo"

Wasiwasi huu una mantiki kuliko yote yaliyotangulia, na hauna kipimo cha nyumbani.

Mtambo wa maji umeundwa kugandisha tope, kulichuja na kuua vijidudu. Chumvi za mbolea na sumu zilizokwisha yeyuka hupita hatua hizo bila kuguswa sana. Nilipokwenda Mgeta mara ya mwisho nilimwona kijana akimaliza kupulizia nyanya dawa ya ukungu, akashuka kijitoni, akalizamisha bomba la mgongoni, akalitikisa, akamwaga. Maji yaligeuka manjano hatua tatu hivi, kisha yakatakata kabisa. Chini kidogo mama mmoja alikuwa akisuuza karoti za kupeleka Dar. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Maji yapo palepale, na hakuna aliyewahi kumwonyesha shimo la kumwagia. Mto mkubwa unaizimua sumu hiyo sana kabla ya Mlandizi, na sitaki kumtisha mtu. Hatari iliyo karibu ni ya wale wanaochota hatua ya nne.

Mto Ngerengere ni kisa kingine. Unaanzia mteremko wa magharibi wa Uluguru, unajaza bwawa la Mindu, ambalo nalo limekuwa likipungua kina kwa tope, kisha unapita mji wa Morogoro wenye viwanda na majitaka yake na kuingia Ruvu kabla ya Mlandizi. Mwaka ukiwa wa mvua, mto mkubwa unayazimua yote hayo. Mwaka wa ukame kama 2022, mgao ulipotushika Oktoba na Novemba, uchafu unabaki uleule na maji ya kuuzimua ni machache. Bwawa linalojengwa Kidunda, la lita bilioni 190, litasaidia kuachia maji wakati huo, mradi lisijae tope la mlima kama Mindu.

Kwa visima vya Dar, wasiwasi mkubwa ni naitreti, na haitoki Mgeta. Inatoka kwenye shimo la choo lililo mita chache kutoka kisimani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Juu ya hapo mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa na maji hayo yuko hatarini, damu yake inashindwa kubeba oksijeni. Kuchemsha hakusaidii hapa, kunaikoleza vilevile. Kama kuna mtoto wa umri huo nyumbani na mnatumia kisima, pimeni mwezi huu.

Kupima ni hivi. Nenda kwanza maabara ya maji bila maji. Omba chupa yao ya vijidudu, ile iliyotakaswa, na uulize ya kemikali iwe ya ujazo gani. Ukipewa chupa yenye unga kidogo chini usiisuuze, unga huo unazima klorini ili matokeo yawe ya kweli. Nyumbani futa mdomo wa bomba, ondoa mpira na kichujio chochote, acha maji yatiririke dakika mbili tatu, kisha jaza bila kugusa mdomo wa chupa wala ndani ya mfuniko. Andika juu yake saa, tarehe na mahali. Weka kwenye deli lenye barafu, na ifike maabara ndani ya saa sita. Kwa foleni ya Morogoro Road, hiyo maana yake uondoke Kimara saa kumi na mbili asubuhi.